Nilitangaza Sina Dada

Taifu, mwezi wa Rajabu, mwaka ule baridi ilipounguza mizabibu

Kwa Khulaida binti Amri, aliyekuwa mdogo wangu.

Salamu nakupa kwa sababu mama yetu alinifunza adabu, si kwa sababu unazistahili. Mimi sijambo. Mume wangu Wahban hajambo, ana kikohozi kidogo tu cha vumbi la ngozi. Mwanawe Jundub, yule niliyemkuta na makamasi mpaka kidevuni nikamlea, sasa ana ndevu na ndiye anayesimamia mashimo ya kulowekea ngozi. Anafokea watu asubuhi hadi jioni na harufu yake unaisikia kabla hujamwona. Zabibu za mwaka huu ni chache na chungu.

Kaka yetu Adi amekufa kwa homa. Ningeanza na hilo, lakini barua huanza na walio hai. Hakuacha mtoto. Kwa hiyo katika uzao wa Amri tulibaki wawili, mimi na wewe, na sasa nitakueleza kwa nini nimebaki mmoja.

Siku ya soko nilipanda juu ya jiwe wanalosimama wapiga mbiu. Nikasema watu wote wasikie: mimi Tumadhir binti Amri sina dada. Yule aliyekwenda Yathribu si damu yangu. Akiua silipi, akiuawa sidai, na katika shamba la baba hana hata kikonyo cha zabibu. Wazee walishuhudia. Mambo yamekwisha.

Usiniulize kwa nini. Miaka mitatu hii kila nikienda kisimani wanawake wananiuliza, "Hajambo dada yako anayesugua paji la uso mchangani?" Binti wa nyumba yenye mizabibu, aliyekuwa akilala juu ya ngozi laini kuliko zote za Taifu, amekimbilia kinamasi chenye mbu akatwange shayiri pamoja na watumwa walioachwa huru, na anawaita ndugu zake. Sawa. Ndugu umepata wengi, mimi mmoja hutanikosa.

Usinijibu. Ukijibu, mpe Mama Lubna muuza wanja, hupita huku kila msimu. Barua hii ameiandika Bulusi, karani wa Najrani, ambaye anatabasamu ninaposema na nimemwambia aache.

Tumadhir


Madina (nyinyi iiteni mnavyotaka), Shaabani, mwaka wa sita wa kuhama

Kwa dada yangu Tumadhir,

Assalamu alaikum, hata ukiitema.

Sisi wazima. Homa ya hapa ilinilaza mwezi mzima, ikaniachia nywele chache na ulimi wangu wote. Nimejifungua tena mtoto wa kike. Mume wangu Haritha alichinja kondoo kwa furaha. Ndiyo, kwa mtoto wa kike. Mwambie Bulusi akusomee mstari huo mara mbili, na safari hii atabasamu anavyotaka.

Kwa ajili ya kaka Adi nimelia mpaka majirani wakaja. Alikuwa mwoga, maskini, lakini ndiye aliyenifungulia lango alfajiri ile nilipoondoka. Najua hakukwambia. Wewe nani angekwambia kitu?

Sasa hilo la jiwe. Dada, mtu asiye na dada anamwandikia nani barua? Umesimama juu ya jiwe ukanifuta, halafu umerudi nyumbani ukakodi karani unieleze kikohozi cha mumeo. Hapa tunacheka kwa mengi, lakini hili nimewasomea wanawake wenzangu na mmoja ilibidi apigwe mgongo. Shamba la baba chukua lote na vikonyo vyake. Nilikuacha na yule Lata wenu, jiwe la mraba mnaloliabudu na kulivika nguo na mapambo huku wajakazi wanatembea uchi, na sikuomba urithi hapo pia.

Mwandiko huu ni wangu. Kuna mama hapa anawafundisha wanawake kuandika. Ukiona herufi imelala, ujue mtoto alikuwa ananyonya.

Nakutumia kichupa cha wanja mzuri. Macho yako yalikuwa ndiyo kitu pekee chako chenye huruma, usiyaache yachakae. Msalimie shemeji Wahban, na anywe asali na uwatu kwa kikohozi kile.

Khulaida


Taifu, Dhulkaada

Kwa yule wa Yathribu.

Salamu. Mimi sijambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kukwambia, na hata sasa sina. Mwandiko wako ni kama kuku amekimbizwa juu ya unga. Bulusi alipouona aliomba maji.

Nimehamia kijumba kidogo nyuma ya mashimo ya ngozi. Huku kuna ubaridi na hakuna mtu wa kunisumbua. Nyumba kubwa ina kelele. Jundub amekuwa mkubwa sana siku hizi, anatandika vitu vyake popote apendapo.

Wanja wako nimemrudishia Mama Lubna akuletee. Sina haja nao.

Hongera ya mtoto. Sikusema kwamba nimefurahi.

Tumadhir


Madina, mwezi wa Safar, mwaka wa saba

Dada yangu,

Assalamu alaikum. Watoto wazima. Salamu zimetosha.

Shemeji alikufa lini? Mwanamke wa Taifu harudishi wanja isipokuwa amekatazwa kuupaka, na anayekatazwa ni mjane. Nilimbana Mama Lubna. Kwanza alijifanya kiziwi, kisha akaanza kusifu hina yake, mwisho akakaa chini akasema yote. Kwamba Wahban alizikwa mwezi wa Shawwali. Kwamba kabla maiti haijatoka mlangoni, Jundub alivua joho lake akakutupia kichwani mbele ya watu, akasema, "Huyu wangu, nimemrithi kwa baba." Na kwamba hicho unachokiita kijumba ni kile kibanda cha wajane, kisicho na dirisha, ambamo utakaa mwaka mzima bila kuoga, bila kuchana nywele, bila kukata kucha, ndani ya nguo moja mbovu. Ukitoka humo utapelekwa moja kwa moja chumbani kwa Jundub.

Jundub! Wewe ndiye uliyemfundisha kutawaza.

Sitakupigia kelele, nitakueleza tu. Huku kwetu jambo hilo limekatazwa. Mwanamke harithiwi kama ngamia. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, na anaoga, dada, anaoga kwa maji, kisha anaolewa na amtakaye au haolewi kabisa. Wanawake uliowaita watwanga shayiri ndio wanaoishi hivyo. Wewe wa ngozi laini ndiye unayekaa gizani ukisubiri kumilikiwa na mtoto uliyempangusa makamasi.

Sheria yenu wenyewe inasema mjane akidaiwa na watu wa kwao kabla eda haijaisha, joho huvuliwa. Watu wa kwenu ni mimi. Haritha atakuja mwezi wa Rajabu, wakati silaha zimelala, akudai kwa jina langu. Wewe funga mdomo tu, kazi ambayo najua ni ngumu.

Khulaida


Taifu, Rabiul-awwal

Kwa Khulaida, msema hovyo.

Salamu kwako na kwa mabinti zako. Mimi sijambo.

Mama Lubna amenunua ulimi kwa watu wabaya na nimemwambia hivyo.

Basi ndiyo, nimo kibandani. Wajane wote wa Taifu wamekaa humu, bibi yetu alikaa humu mara mbili na hakuwahi kumwandikia mtu kumlilia. Nanuka, naam. Bulusi anasimama mbali upande unakotoka upepo, mimi napaza sauti, naye anaandika kitambaa kikiwa puani. Hapana anayenigusa, hapana anayepokea kikombe kutoka mkononi mwangu. Chakula wanakisukuma kwa kijiti. Wanaamini aliyemgusa mjane wa kibandani hamalizi mwaka. Acha waamini. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe sisikii mtu akiniuliza chakula kiko wapi.

Kuhusu Jundub, usinifundishe. Amekuja juzi akasimama mbali. Miaka yote ameniita mama, kwa hiyo alifungua mdomo akaanza, "Ma..." akameza. Akaanza tena, "Ma..." Nikamwambia, "Malizia, mwanangu, usipaliwe." Akawa mwekundu. Ndipo akasema kwamba nisihofu, hana haja na mimi mzee, haja yake ni shamba la Amri lisitoke nyumbani. Nikimpa shamba kwa hiari mbele ya mashahidi, joho lake atalivua. Nisipompa, atanioa, halafu shamba atalichukua vilevile.

Nilimwambia ajifute makamasi kwenye ndevu kwanza.

Lakini wewe usidhani mlango huo umefunguka kwako. Niende Yathribu kufanya nini? Nilale chini ya paa la makuti, nile tende asubuhi na tende jioni, niitwe ndugu na mtu ambaye jana alikuwa anabeba maji kwa malipo? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi ndugu sina, nilikwisha sema. Afadhali aibu niliyoizoea kuliko huruma yako. Huruma yako naisikia inanukia mpaka huku, na humu ndani si rahisi kitu kunukia.

Mwambie mumeo abaki kwenye mitende yake.

Tumadhir


Madina, Shaabani

Dada,

Assalamu alaikum. Watoto hawajambo. Huyu mdogo ameanza kutembea, na anakunja uso kama wewe akinyimwa kitu.

Haritha alikuja huko. Hukumwona kwa sababu hawakumruhusu kukaribia kibanda. Nakuandikia alivyonieleza, neno kwa neno, maana nataka ukalie moto huu kama nilivyoukalia mimi.

Walimkaribisha vizuri. Waliwawekea yeye na wenzake wawili mkeka, zabibu, maji ya komamanga. Mzee wao yule Abu Kulaibu akasema, "Karibuni, watu wa Yathribu. Shida gani?"

Haritha akasema, "Tumekuja kumdai mjane. Ni shemeji yangu."

"Shemeji yako kwa nani?"

"Kwa mke wangu. Mke wangu ni dada yake."

Abu Kulaibu akawageukia wenzake. "Jamani, yule mjane ana dada?"

"Hana," wakasema.

"Nani alisema hana?"

"Mwenyewe. Juu ya jiwe. Sote tulisikia."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na zabibu. Jundub alicheka kuliko wote. Haritha, ambaye kwa kawaida husema maneno matatu kwa siku, aliniambia alitembea njia nzima ya kurudi akitafuta la kuwajibu na hakulipata, kwa sababu hakuna. Ulijifungia mlango ukaumeza ufunguo.

Sasa sikiliza. Mama Lubna alikuwepo sokoni siku ile. Anasema aliyekushika mkono kukupandisha jiweni ni Jundub. Anasema mumeo alikuwa ameshaanza kutema damu, na kila mtu wa nyumba ile alijua hafikishi mwaka isipokuwa wewe uliyekuwa unaita kikohozi kidogo. Adi amekufa, mimi nimefutwa: basi nani angekudai? Walikuchokoza kisimani miaka mitatu, wakakushangilia ulipopanda, na wewe na kiburi chako ukadhani ni wazo lako. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Ulikuwa unakifulia nguo.

Njia ni moja na unaijua. Neno lililosemwa juu ya lile jiwe hufutwa juu ya jiwe lilelile, na aliyelisema, kwa sauti ileile, kabla eda haijafungwa. Ni lazima unitaje jina. Ni lazima useme mimi ni wako na wewe ni wangu, mbele ya watu wale wale wa kisimani.

Najua utakachosema. Utasema afadhali ufe. Basi nami nina neno: mchuma janga hula na wa kwao. Janga hili umelichuma peke yako, lakini mimi ndiye nisiyelala. Nimekukasirikia sana, dada, na ninakuogopea zaidi.

Khulaida


Taifu, Ramadhani

Kwa Khulaida.

Salamu. Sijambo.

Sitasema.

Nipande tena lile jiwe, nywele zimeshikana kama sufu ya mzoga, nikaungame mbele ya Abu Kulaibu kwamba nilikuwa mjinga? Watu wale wamenicheka mara moja bila mimi kuwepo, siwaongezei ya pili nikiwepo.

Na usiseme tena habari ya nani alinishika mkono. Njia ya kwenda jiweni ina mawe, mtu hushikwa mkono.

Mwezi ujao wanakuja kunitoa. Jundub ameshafua joho. Limeanikwa juu ya ukuta wa mashimo, naliona kwa ufa. Ameshaona aibu kuniita mama, sasa haniiti chochote.

Usiandike tena, barua haitanikuta.

Tumadhir


Kisima cha wachunga ngamia, nje ya mji wenu, mwisho wa Shawwali

Kwa mdogo wangu Khulaida,

Salamu kwako, kwa mumeo wa maneno matatu, kwa mabinti zako wawili. Anayeniandikia ni msafiri wa Taima niliyemkuta kisimani. Amekaa mbali na analipwa kwa zabibu ambazo Mama Lubna anamrushia moja moja. Mwandiko wake ni mbaya kama wako.

Nitakueleza ilivyokuwa, kisha nitakwambia ninachotaka.

Walikuja kunitoa. Wanawake wote wa ukoo wa Wahban walisimama nusu duara, wamejipaka manukato maana walijua watakachokutana nacho. Jundub alikuwa nyuma yao na joho lake. Unajua ada yetu: mjane anatoka, anapewa kinyesi cha ngamia, anakitupa nyuma ya bega lake, na hapo eda imefungwa, anaogeshwa, anaguswa, anapelekwa. Mwanamke mmoja akakiweka chini mbele yangu akaruka pembeni.

Nilikitazama. Nikamtazama Jundub. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yangu, kucha zake, na niliona anaogopa. Mwanamume mzima aliyekuja kunichukua alikuwa anaogopa nisimkaribie. Nikafikiri: kumbe nikiisha kukitupa hiki ndipo nitakapokuwa wake. Nisipokitupa sina mwenyewe.

Sikukitupa. Nikakiacha pale chini nikaanza kutembea.

Wakaniita. "Tumadhir, unakwenda wapi? Hujatupa!" Nikaendelea. Jundub akasema, "Mkamateni." Akawaambia wanawake, akawaambia wafanyakazi wa mashimo, na kila mtu akamtazama mwenzake. Mmoja, jitu lenye mikono kama milango, akamwambia, "Mkamate wewe, bwana, ndiye mrithi." Nikageuka nikamnyooshea Jundub mkono, hivi, kama mtu anayetaka kumpangusa pua. Akarudi nyuma akakanyaga joho lake akaketi chini. Khulaida, nimeishi miaka arubaini na sijapata kudharau kitu kama nilivyomdharau yule pale chini. Nilitaka kumuonea huruma kwa sababu nilimlea, nikatafuta, sikuipata.

Mpaka sokoni watu walinipasulia njia kama nimebeba moto. Nikapanda jiwe. Safari hii hapakuwa na wa kunishika mkono na sikujikwaa. Abu Kulaibu alikuwepo na waliopaliwa na zabibu walikuwepo. Walianza kucheka. Nikangoja wamalize. Nilikuwa na muda, hakuna aliyethubutu kunigusa anishushe.

Nikasema hivi, na nimemwambia huyu wa Taima aandike kama ilivyo:

"Mimi Tumadhir binti Amri nilisimama hapa nikasema sina dada. Nilisema uongo, na nyinyi mlijua ni uongo, na mliushuhudia kwa sababu uliwafaa. Ninaye dada. Jina lake Khulaida. Ni mkaidi, ni mropokaji, alikimbia nyumbani bila kuniaga, anaandika kama kuku, na anakula shayiri na watu msioweza hata kuwasalimia. Yeye ndiye aliyemtuma mumewe anidai, na katika nyinyi nyote niliowapikia na kuwauguzia hakuna aliyenitumia hata maji ya kunawa. Akiua nalipa. Akiuawa nadai. Shamba ni letu wawili. Mimi ni wake, naye ni wangu, na anidai."

Kisha Abu Kulaibu akauliza, "Umemaliza?" Nikamwambia bado, nikamtaja mama yake kwa neno ambalo sitaliandikisha. Ndipo nikashuka. Mzee hakupenda, lakini ada ni ada, na neno lilikuwa limesemwa mahali pake kabla ya eda kufungwa. Akamwambia Jundub aliokote joho lake. Alisema hivyo huku ameziba pua.

Nimetembea na Mama Lubna njia nzima, yeye mbele upande wa upepo. Sikuoga. Wezi wa njiani walitukuta mara mbili, wakauliza mimi ni nani, Mama Lubna akawaambia ni mjane wa kibandani ambaye hajatupa, wakatupisha na mmoja akatuomba radhi.

Sasa usianze kufurahi. Sikuja kwa ajili ya dini yenu. Paji la uso wangu liko pale pale lilipokuwa na sijaahidi kulipeleka popote. Tende sizipendi. Mtu akiniita ndugu nitamtazama mpaka anyamaze. Nimekuja kwa sababu nilisema nina dada, na nisipokuja nitakuwa nimesema uongo mara mbili juu ya jiwe moja.

Ninachotaka ni maji. Mengi. Na mkasi wa kucha.

Mama Lubna anataka kuingia mjini kuwaita wanawake wa kazi hiyo waje wanioshe. Nimemkataza. Huyu wa Taima hapa amesogea tena hatua nyingine nyuma, na mimi nimechoka kuona watu wakirudi nyuma. Umeniandikia kwamba huko kwenu hamuamini kuwa mjane huua anayemgusa. Maneno ya kuandika ni rahisi. Mwaka mzima, Khulaida, hapana mtu aliyenigusa, hata kwa ncha ya kidole, na humo gizani ilifika wakati nikawa najishika mkono mwenyewe nijue bado nipo.

Njoo wewe. Uje na maji, na uje bila kitambaa puani.

Tumadhir, dada yako